Goti la Chuma na Ukuta wa Rispa

Siku ya kuniaga, nyinyi mliobaki karakana mliniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Basi nimenunua daftari mbili, nimekaa, ninaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali, rekebisheni kimya kimya, kama tulivyokuwa tukirekebisha kona za makabati kabla mwenyewe hajaingia chumbani. Habari za cheo na mshahara sitaandika. Cheo nilikuwa na kimoja, Mama Yunia, na mshahara mnaujua kwa sababu ni ndugu wa ule wenu. Nitaandika habari ya goti. Mnalitengeneza kila wiki na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza lilitoka wapi, wala kwa nini nilikuwa nagomba sana nikikuta mtu ameongeza skrubu isiyohitajika.

Niliingia pale mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa tayari mama wa watoto watano. Mwenye karakana alikuwa Bwana Mohinder, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Kisumu na aliyejua Dholuo kuliko watoto wangu. Mafundi siku hizo walikuwa Okumu, Were, Hezekia, Onyango wa mguu mfupi, na Juma wa vanishi. Wanne sitawarudia tena, lakini si vizuri kuwaacha bila kuwataja, maana wote wako chini ya udongo. Mimi niliajiriwa kufagia na kupiga msasa. Nilipewa mlango wa kabati, nikaupiga msasa kwa nguvu zangu zote, kinyume cha nyuzi za mbao. Okumu akaja, akauinamia.

"Mama," akasema, "huu mlango ulipigana na paka?"

"Hakuna paka hapa."

"Basi ni wewe."

Akanionyesha nyuzi zinavyokimbia, akanipa kipande kingine. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu kwa miaka zaidi ya kumi. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alikupa kazi ngumu zaidi, na ndivyo ulivyojua.

Baada ya mwaka mmoja akaanza kunichukua kwenye nyumba za watu kufunga makabati ya ukutani. Nilidhani ukuta ni ukuta. Okumu akasimamisha pimamaji kwenye ukuta wa kwanza, akateremsha timazi kutoka juu, akaniambia nitazame. Juu ukuta ulikuwa umerudi nyuma, katikati una kitambi, chini umeingia tena ndani. "Ukiusimamisha ubao ulionyooka hapa," akasema, "utabaki na nafasi ya kupita panya na watoto wake." Kwa hivyo alinifundisha kunakili ukuta. Unaegemeza ubao karibu na ukuta, unashika penseli juu ya kijiti, unateremsha kijiti kikiwa kinagusa ukuta, na penseli inachora kitambi chote juu ya ubao. Halafu unakata kwa kufuata mstari. Ubao unaingia ukutani kama mtoto mgongoni. Nilipenda hiyo kazi sana. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Hapo ndipo udongo wetu ulituaibisha. Nyinyi mnajua ule udongo mweusi, wakati wa kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, na mvua ikija unavimba kama unga wa mandazi. Nyumba iliyokaa juu yake haitulii. Kabati tulilolinakili vizuri mwezi wa pili, mwezi wa tano mwenyewe anakuja karakana kulalamika kwamba milango haifungi. Tukienda tunakuta ukuta umesukuma mbao, au umezikimbia. Okumu alikata upya, akapiga kabari, akapaka vanishi. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yale yale. Bwana Mohinder alikuwa akisema, "Ukuta ya Mhindi, ukuta ya Mjaluo, yote inacheza dansi. Nyinyi ndio hamjui kucheza." Tulicheka, lakini ilimuuma Okumu. Alisema tatizo si ukuta kutembea. Tatizo ni sisi kufunga kabati kana kwamba ukuta hautatembea.

Nilipata jibu sokoni Kibuye, nikitafuta sweta. Muuzaji mmoja alikuwa anafungua robota la mitumba, lile linalofungwa kwa mikanda ya chuma. Alipokata mkanda ukaruka ukamchapa kidevuni, kisha ukatulia chini, umejikunja vizuri kama ulivyokuwa. Watu walimcheka, na mimi nikauokota. Nikaukunjua, nikauachilia, ukarudi. Nikaukunjua tena. Sweta sikununua siku hiyo. Nilirudi karakana na mikanda kumi na moja imenikatakata vidole, nikaiweka mbele ya Okumu.

"Sasa hii ni nini, tunauza nguo?"

"Ikunje uiachilie."

Akaikunja, akaiachilia. Akafanya hivyo mara nyingi. Halafu akaniambia niweke chai.

Haikuwa rahisi kama mnavyoona sasa. Mara ya kwanza tulichoma mkanda kwenye moto ili ukubali kukunjwa, ukakunjika vizuri sana, na ukabaki hivyo hivyo milele, laini kama omena, dagaa wetu wa ziwani, ikilowa. Kumbe moto unaua ile nguvu ya kurudi. Tukajifunza kuukunja baridi, umebanwa kwenye vaisi, pole pole, juu ya kipande cha bomba ili kona isiwe kali, maana kona kali hukatika. Tundu la skrubu tulilifanya refu badala ya duara, ili mbao ziweze kupanda na kushuka: unatoboa matundu mawili kwa kekee, halafu unaunganisha kwa tupa. Hilo tundu refu nililifikiria mimi, na Okumu alilisema mbele ya watu wote, mara moja, na hakurudia. Ncha inayogusa ukuta ikawa inakwaruza plasta, tukaivalisha raba ya tairi. Vyumba vya karibu na ziwa chuma kilishika kutu na kikawa kinalia kila mtu akifungua mlango, tukakipaka grisi. Ilichukua misimu miwili ya mvua. Mwisho tulikuwa na kitu kinachokaa kati ya ubao na ukuta, kinasukuma kidogo, ukuta ukija kinakunjika, ukuta ukienda kinakunjuka na kuufuata. Okumu ndiye aliyekiita goti.

Siri ya goti ni kwamba moja halina nguvu. Ukitaka kushika ubao mrefu unaweka mengi, na kila moja linasukuma kidogo tu. Mtu asiyeamini ataona magoti yale mepesi na mkono wake utaanza kutafuta skrubu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu huyo siku moja, na ndiyo habari ninayotaka muisome pole pole.

Miaka ya tisini ilipoanza Okumu alianza kukonda. Mnakumbuka miaka ile, nyinyi wenye umri, tulikuwa tunazika kila Jumamosi na hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Alikohoa mwaka mzima, akawa anakaa juu ya ndoo kupiga randa kwa sababu miguu haikumbeba. Mara ya mwisho nilimwona hospitali ya Kombewa, kule kwao Seme. Aliniuliza kama tumemaliza makabati ya daktari mmoja wa mjini. Nikamwambia tumemaliza. Akauliza tumeweka magoti mangapi kwa kila ubao. Nikamwambia sita. Akasema, "Wekeni manane." Wiki hiyo akafariki, tukamzika kwake, huko huko Seme.

Aliacha mke, Rispa, na watoto watatu. Rispa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alinunua omena Usenge na kuiuza sokoni Kombewa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo iliyopigwa plasta ya simiti juu. Okumu alikuwa amepanga kuijenga upya, na kila mwaka alikuwa na makabati ya watu wengine ya kumaliza kwanza. Baada ya mazishi, mvua ndefu ilimwaga plasta ya ukuta ule unaotazama ziwa, na udongo ukaanza kuanguka vipande vipande ndani, mahali ambapo watoto walilala na magunia ya omena yalikaa.

Nyinyi mliozaliwa mjini nitawaeleza. Kwetu, mume akifa, nyumba ya mjane haiguswi mpaka arithiwe na ndugu wa mume, yaani ndugu huyo amchukue kama mke. Hakuna kupiga msumari, hakuna kuziba ukuta, hakuna kubadilisha hata bati. Akivunja mwiko huo, chira inaingia, yaani watoto wanadhoofika na nyumba inaisha. Kuna wanaoamini na kuna wanaosema hawaamini mpaka mtoto apate homa. Na ndugu wa Okumu alikuwapo, Ochola, mtu mpole, mwenye mke wake Dorina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tayari kufanya wajibu wake.

Rispa alikataa. Nilipoenda kumwona aliniambia sababu, tumekaa nje tukichagua omena.

"Mama Yunia, mimi ninajua ni nini kilimuua Okumu. Nilimwosha kwa mikono yangu. Nikimruhusu Ochola kuingia hapa, nitampa hicho kitu, naye atampelekea Dorina. Dorina ana mtoto wa kunyonya."

"Umewaambia hivyo?"

"Nitawaambiaje? Nimesema tu sitaki. Wamesema basi, na ukuta ukae."

"Na ukianguka?"

"Ukianguka tutalala jikoni." Akacheka kidogo. "Jikoni nako kunavuja."

Nikaenda kwa Ochola mwenyewe, mbele ya wazee wawili wa boma, nikauliza waziwazi nini kinaruhusiwa. Alifikiri vizuri kabla ya kunijibu.

"Mama, kinachoingia kwa mlango na kinaweza kutoka kwa mlango, hicho ni kama kiti. Leta. Lakini kinachoshikana na nyumba, hiyo ni ujenzi, na hiyo siwezi kukuruhusu."

"Kikiegemea ukuta?"

Wazee wakatazamana. "Hata mtu anaegemea ukuta," mmoja akasema. "Kuegemea si kujenga."

Nikarudi mjini na maneno hayo. Bwana Mohinder alinipa mbao zilizobaki za kazi nyingine, na mikanda niliiokota mwenyewe. Nilitengeneza kabati refu kama ukuta wenyewe, kutoka kona mpaka kona, lakini katika vipande vyembamba vinavyopita mlangoni, vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe na havishikani na kitu kingine. Chini nikaweka sanduku la kujaza mawe ili lisimame imara. Nyuma nikapanga magoti, manane kwa kila ubao kama Okumu alivyosema, yanayogusa ule udongo kwa raba tu. Mvua ikipita ukutani ingekutana na mbao zilizopakwa lami upande wa nyuma. Kwa watoto lilikuwa kabati. Kwangu mimi lilikuwa ukuta wa pili ambao hakuna aliyejenga.

Tulilisimamisha siku moja mchana, mimi na Rispa, Dorina akitusaidia kubeba mawe. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo bila aibu. Ukuta ule ulikuwa umepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee, na mbao zilisimama mbele yake zimenyooka. Rispa alifungua milango yote, akaifunga yote. Haikusema kitu.

Halafu mtoto wake wa mwisho akapanda kwenye rafu ya pili, kama watoto wanavyopanda, na kabati likatikisika. Halikuegemea mbele, lilitikisika tu. Magoti yalikunjuka, yakakunjika, likatulia. Ndivyo yalivyotengenezwa. Lakini mimi niliona mtoto chini na mbao zote juu yake. Rispa na Dorina walipotoka kuchota maji, nilichukua bisibisi nikapanda juu ya ndoo. Kule juu kabisa, nyuma ya ubao wa kona, palikuwa na nguzo ya nyumba ndani ya udongo. Nikapitisha skrubu moja ndefu. Iliingia kwa urahisi. Nilisema moyoni, hii moja, nani ataiona. Na nilipoulizwa na Rispa mlangoni kama hakuna kitu kimeingia ukutani, nilimwambia hakuna.

Lilikaa mvua mbili. Watoto walilala pakavu, omena ilikaa pakavu. Ochola alipita akaangalia, akasema Mama Yunia ni fundi. Mvua ya tatu mtoto yule wa mwisho akashikwa na homa iliyokuwa inaenda na kurudi, akawa mifupa. Wazee wakaja kutazama nyumba. Ochola alipanda juu ya kiti kuangalia nyuma ya mbao, na jua la mlangoni likaangaza kichwa cha skrubu.

Rispa alikuja karakana siku iliyofuata. Nilikuwa kwenye vaisi. Hakunisalimia.

"Uliniambia hakuna kitu."

Nikaweka koleo chini. "Niliogopa litamwangukia mtoto."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuambia toa. Ningemfunga mtoto kamba nikamfunza asipande." Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha. "Sasa wanasema nimejenga nyumba ya marehemu nikaficha. Wanasema ndiyo sababu mtoto anakwisha."

"Rispa, hiyo ni malaria. Mpeleke Kombewa."

"Nimempeleka. Amepewa dawa. Lakini akifa, Mama Yunia, nitajiambia ni nini? Nitajiambia ni malaria?"

Aliniambia amekubali. Ochola ataingia Ijumaa, na ukuta utajengwa, kwa hivyo nije niondoe kabati langu. Nikamwuliza, na Dorina? Akasema Dorina ameambiwa ni desturi.

Nilienda. Mafundi wa udongo walikuwa wamekaa nje wakingoja, miti mipya imelazwa nyasini. Nilipanda juu ya ndoo na bisibisi yangu. Sikuihitaji. Nilipoigusa skrubu kwa vidole viwili ilitoka yenyewe, na unga wa mbao ukanimwagikia mkononi. Nguzo ilikuwa imeliwa na mchwa, pengine tangu Okumu akiwa hai. Skrubu ilikuwa imekaa ndani ya vumbi muda wote huo. Niliitoa, na kabati halikutikisika hata kidogo. Magoti ndiyo yaliyolishika tangu siku ya kwanza.

Rispa alikuwa amesimama chini, mtoto amemlaza begani. Mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu, dawa ilikuwa inafanya kazi.

"Angalau ilikuwa imeshika?" akaniuliza.

"Ilikuwa imeshika sana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kitu kidogo cha kubeba. Nilitia skrubu mfukoni. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa.

Mnaweza kuhesabu wenyewe kilichofuata. Rispa aliishi katika nyumba yenye ukuta mzuri kwa miaka mitatu, kisha tukamzika. Ochola alimfuata baada ya mwaka mmoja. Yule mtoto alipona kabisa, sasa ni kijana mkubwa, na watoto wote watatu walilelewa na Dorina pamoja na wa kwake.

Kazini niliendelea. Nilikuwa mkali, mnajua. Nilipokuwa natembea nyuma ya kazi zenu nikipapasa, mlidhani ni uzee. Ukimwambia mtu hakuna skrubu, basi isiwepo. Na ukiona goti lako ni jepesi, hesabu yako iangalie tena, ongeza la tisa, ongeza la kumi, au mwambie mwenye nyumba kwamba unaogopa. Hofu yako ni yake pia, ni kwake kabati litaanguka.

Kazi ya mwisho niliyofanya kabla ya kuwaachia vaisi ilikuwa ya Dorina. Alikuja karakana amefunga kitambaa cheusi, amekonda lakini anatembea vizuri. Alikaa juu ya rundo la mbao akaniambia nyumba yake upande wa mvua imefunguka. Shemeji mmoja wa mbali, kutoka Usenge, ametumwa kwake na wazee, naye amemkataa. Kwa hivyo haiguswi.

"Nitengenezee kama ile ya Rispa," akasema. "Lakini Mama, bila kitu."

Nikamtengenezea. Niliweka magoti kumi na mawili kwa kila ubao, mengi kuliko inavyohitajika, na mawe nikachagua mwenyewe. Tulipomaliza kulisimamisha nilimwambia hakuna kitu kimeingia ukutani. Alisogeza kiti, akapanda, akaingiza mkono nyuma ya ubao wa kwanza, akapapasa kutoka juu mpaka chini. Akashuka, akasogeza kiti kwenye ubao wa pili. Mbao zilikuwa tisa. Nilisimama mlangoni na vyombo vyangu nikamngoja amalize zote.